Mtu Asiyegusa Kipanya

Wanza alikuwa akikisukuma kipanya juu ya meza kama mtu anayepiga pasi, na Kimanzi, kwenye meza ya pili, alimtazama huku akisaga meno. Mama mzima, miaka yote hiyo katika ofisi ya ushirika wa wakulima hapa Machakos, na bado kunakili jina moja lazima apeleke mshale, auvute, abonyeze, atafute, abonyeze tena. Ctrl na C, Ctrl na V, basi! Mtoto wa nasari angekuwa ameshamaliza na kwenda kucheza.

Kimanzi mwenyewe hakugusa kipanya. Chake alikifungia kwenye droo siku ya kwanza kazini, akaitangazia ofisi kwamba hicho ni kifaa cha wavivu. Alibonyeza huku akitazama dirishani, makusudi, ili watu waone kwamba haangalii skrini. Hata barua pepe yake aliifundisha adabu: aliingia kwenye mipangilio akaiamuru itii herufi moja moja, ukitaka kuandika barua mpya unabonyeza C tu. Ya mtu ambaye hajaipanga hivyo haitii ng'o. Alimweleza Wanza hayo mpaka akachoka. Wanza alicheka, akasema yeye na kipanya chake wamezoeana.

"Hayo mengine nitajifunza tu pole pole, Kimanzi."

Pole pole! Neno hilo hakutaka hata kulisikia.

Tena lilikuwa limekuja wakati mbaya. Meneja wao, Madam Nzilani, alikuwa amewaambia bila kuzunguka: kazi imepungua, karani mmoja atabaki na mmoja ataenda nyumbani, na uamuzi ni leo jioni. Kimanzi hakuwa na shaka ni nani anayefaa. Lakini Wanza alimjua kila mkulima wa Masii mpaka jina la ng'ombe wake, na Madam alimpenda wazi wazi, wakinywa chai pamoja kama dada wa tumbo moja. Kimanzi naye alikuwa ameshawaambia wazazi wa Kavindu, mchumba wake, kule Kithimani, kwamba ana kazi ya kudumu. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, walikuwa wanapelekwa mwezi ujao. Utaingiaje kwa wakwe na mbuzi huku huna kazi? Na uikose kazi yenyewe kwa sababu ya mtu anayetafuta herufi kama anayechagua mawe kwenye maharagwe? Haiwezekani.

Asubuhi ile, kabla ya Wanza kufika, Kimanzi alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya mama huyo, maana printa ya ofisi iliunganishwa na hiyo peke yake. Aliingia kwenye barua pepe yake mwenyewe, akafungua barua aliyotumiwa na mjomba wake kuhusu safari ya Kithimani, Ctrl na P, karatasi ikatoka. Mara Wanza huyo, anahema, mfuko wa maembe mkononi. Mambo ya posa si ya kuonyesha kila mtu. Alt na Tab, orodha ya wakulima ikafunika skrini, na Kimanzi akasimama kama mtu aliyekuwa akipita tu. Wanza alimpa embe. Alilila bila hata kusema asante.

Sasa, saa tisa, Wanza alitoka kwenda kuchemsha chai, na mashine ikabaki wazi. Mara ngapi ameambiwa? Kitufe cha Windows na L, unafunga, unaenda zako. Lakini wapi! Anaondoka kama mtu anayeacha nyumba bila mlango, barua pepe yake ikishinda wazi kutwa nzima. Siku nyingine Kimanzi angemwita arudi afunge, kwa sauti, ili Madam asikie. Leo alinyamaza. Alihamia kwenye kile kiti.

Alt na Tab, barua pepe ikajitokeza. C, kisanduku cha kuandikia kikafunguka hapo hapo. Herufi tatu za jina la Madam, Enter. Macho yake yalikuwa mlangoni muda wote, vidole vikifanya kazi yao. Alianza na salamu na baraka za Mungu, kama Wanza anavyopenda, kisha akamwaga yote: kwamba Madam ni gunia la mahindi lililovishwa miwani, kwamba ofisi inaendeshwa na wengine yeye akishughulika na vitafunio, kwamba hata wakulima humcheka akigeuka. Jina hakuandika. La nini? Barua pepe yenyewe humtaja aliyeituma.

Ctrl na Enter. Alt na Tab. Alikuwa ameketi mezani kwake kabla maji hayajachemka.

Alijisikia mwepesi. Wanza aliporudi na birika alimwekea na yeye kikombe, sukari vijiko viwili kama anavyopenda. Kimanzi alikipokea, akajiuliza mama huyu atakula wapi kuanzia kesho, kisha akajijibu kwamba hayo si yake. Angejifunza Windows na L.

Mlango wa Madam Nzilani ukafunguka. Alisimama pale, simu mkono mmoja na miwani mkono wa pili, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Kimanzi akainamia kikombe chake kuficha kicheko. Wanza alianza kuinuka, birika mkononi, akiuliza kama kuna shida.

Madam aliwatazama wote wawili, akavaa miwani yake taratibu.

"Wanza, wewe kaa unywe chai yako," alisema. "Kimanzi, gunia la mahindi linakuita."