Siwema ni Jina la Sabuni

Siku hizo mlango wa kila nyumba ulifunguka kwa anwani ya mtandao ya mwenye nyumba. Ya Mwanahamisi ilikuwa mamasiwema, kwani ndivyo mtaa mzima ulivyomwita tangu alipojifungua. Kampuni ya sabuni ya Siwema ikamshtaki, ikashinda, ikakabidhiwa anwani hiyo.

Sasa alikuwa amesimama barazani na kapu la mchicha, na mlango umemgomea.

"Mwanangu karithi jina la bibi yake, kabla sabuni yenu haijatoa hata povu!" alifoka.

"Chapa imesajiliwa," mlango ulijibu kwa upole. "Tafadhali chagua jina lingine."

"Jina lingine kampe mbuzi! Siwema! Nifungulie, mwanangu!"

Hatua ndogo zilikuja mbio, zikasita nyuma ya mlango.

"Mama," mtoto alinong'ona, "mlango umesema nisiitike."