Huenda

"Nipe kopo la tatu, mwanangu," alisema Mzee Shekue, akiegemea kaunta ya duka la dawa. "Unga wa magoti ya mke wangu."

Tausi, mfamasia, alishusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa akiwaeleza watu jambo hilohilo mpaka ulimi ukawa mzito. Utafiti wa unga ule aliusoma wote: watu kumi na wawili, wiki sita, na gharama zimelipwa na watengenezaji wenyewe.

"Mzee wangu, hakuna ushahidi kwamba unasaidia."

"Mbona wameandika?" Mzee akaweka kidole kwenye lebo. "Huenda. Na kweli, sasa huenda. Jana kaenda mpaka kwa jirani."

Tausi akasoma: *Huenda ukaimarisha magoti.*

"Baba, hiyo 'huenda' si ya kwenda. Ni labda."

Mzee akageuka kutazama mlangoni.

"Punguza sauti," akanong'ona.

Nje, mkewe alikuwa ameuegemeza mkongojo ukutani. Alikuwa akipanda ngazi za duka peke yake, mguu mmoja ungali hewani.