Faili Lisilo na Jina

Fundi alikuwa akitengeneza diski ya kompyuta ya marehemu dada yake, na shemeji yake amesimama nyuma, ameushika mgongo wa kiti. Mafaili yalikuwa yamepoteza majina. Programu iliyaokota moja moja kama mayatima, ikayapa namba, na kwa kila moja ikauliza: lirudishwe au lifutwe?

"Unayajuaje yaliyomo, shemeji?" mume wa dada akauliza.

"Siyajui. Hata mashine haijui, mpaka nifungue."

Likaja kubwa kuliko yote. Tarehe yake ilikuwa siku ile dada alipoanguka bafuni akafa.

Pumzi iliyokuwa ikimpuliza fundi shingoni ikakatika. Vidole vya shemeji vikazama kwenye sponji ya kiti, kucha zikawa nyeupe.

"Hilo lifute," akasema kwa upole. "Sauti tu hiyo. Kelele za mvua."

Fundi akaitazama tena skrini. Palikuwa na namba na tarehe, basi.

"Nani kakwambia ni sauti, shemeji?"

Akasikia viatu vikielekea mlangoni, kisha komeo likisukumwa taratibu kwa ndani.

Fundi akabonyeza kulirudisha, akalifungua, akaongeza sauti ya spika mpaka mwisho.