Mkanda Mfupi

Fundi Lukosi alikuwa akifuta grisi mikononi alipogutuka. Kompresa ya AC ya gari la Sudi ilikuwa imekwama, naye alikuwa ameing'oa na kufunga upesi upesi mkanda mfupi wa injini usiopitia hapo, maana kwenye kiti cha nyuma alilala mke wa Sudi, ameshikwa na uchungu.

“Mtakosa ubaridi, shemeji,” alimwambia yule mama.

“Funga twende! Huyu mtoto mwenyewe anatoka kwenye joto.”

Sasa, gari likiwa limeshaondoka, alikumbuka. Mkanda aliupitisha upande usio sahihi. Pampu ya maji ilikuwa ikizunguka kinyume, na injini ilikuwa ikipanda mlima wa hospitali bila kupozwa.

Alimpigia Sudi simu. Haikupokelewa. Akanyakua dumu la maji, akakimbilia pikipiki. Juu mlimani, kwenye kona ya tatu, kitu cheupe kilikuwa kikipanda polepole. Hakujua kama ni ukungu au mvuke wa injini.