Viboko vya Siwema

Ijumaa, spika ya mtaa ilipoanza kusoma matokeo ya mtihani wa shule ya kati, Siwema alikaza kanga kiunoni huku akitabasamu. Binti yake Kibibi hakuwahi kutoka kwenye kumi bora. Siku hizi mtoto akifeli, anayekula fimbo ni mzazi; mwanafunzi wa kwanza ndiye anayechapa, na uwanja mzima unampigia makofi.

"Wa kwanza, Dunstani Mwaluko. Wa mwisho, Kibibi binti Siwema. Karatasi zote amerudisha tupu."

Uwanjani, viboko kumi vilimchana Siwema mgongo. Cha saba kilimwangusha chini, na Dunstani, kijana wa miaka kumi na tatu, akangoja kwa adabu ainuke.

"Samahani, mama," alisema, kisha akamalizia.

Nyumbani Kibibi alimkanda mama yake kwa maji ya moto, taratibu, kitambaa kikigeuka chekundu. Shavuni mwa binti, alama ya mwiko aliopigwa nao wiki ya mtihani kwa kuunguza maharage ilikuwa bado haijafutika.

"Leo nimeyaunguza tena, mama. Utanipiga?"

Mtihani mwingine ulikuwa baada ya wiki sita. Siwema aliuma pindo la kanga.

"Yapakue hivyo hivyo, mwanangu. Tutakula."