Mkono wa Marehemu

Jioni ya tatu, mpiga chapa alikuta shingo ya mandolini, lile gitaa dogo, imekwisha chongwa.

Asubuhi alikuwa ameiacha kipande cha mbao tu, kimebanwa kwenye jiriwa katika chumba cha nyuma. Sasa ilikuwa nyembamba, laini, na ukingo wake umelalia kushoto kidogo. Mkato ule aliujua. Mandolini zote kumi na moja za mdogo wake zilikuwa nao, na wanamuziki walizitambua kwa kupapasa tu, macho wamefumba.

Ila mdogo wake walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

“Uliingia chumba cha nyuma leo?” alimuuliza mkewe.

“Niliingia kufagia.” Mkewe alikung’uta aproni. “Nyumba haijifagii.”

Mpiga chapa akamweleza alichokiona. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, “Mwenye kazi hapendi kazi yake ibaki kiporo.”

Mpiga chapa hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Lakini kuna neno lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mdogo wake alikuwa akiishi nao. Mtaani walimwita Mandolini, na hakuruhusu mteja yeyote avuke mlango wa chumba kile. “Njoo wiki ijayo,” alikuwa akisema, na wiki iliyofuata chombo kilikuwa tayari. Jioni moja mpiga chapa alirudi kutoka kazini amechoka, akakanyaga maranda ya mbao sebuleni, akalipuka. Alisema vile vyombo ni kelele za watu wavivu, na mikono isiyojua kazi nyingine afadhali ikatwe. Mdogo wake alicheka, kama kawaida yake. Mke wa mpiga chapa ndiye aliyelala bila kula.

Wiki iliyofuata mdogo mtu alilazwa hospitali. Kifua kikamchukua kabla hawajasemezana tena.

Ndiyo maana mpiga chapa aliapa kuimaliza mandolini ya kumi na mbili, iliyobaki kiporo, ingawa mikono yake ilizoea wino na karatasi. Siku mbili za kwanza alivunja mbao tatu.

Tangu jioni ile ya shingo hakugusa tena kitu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikaa kwenye stuli ya marehemu akaongea na hewa, mkewe akiosha vyombo ng’ambo ya ukuta.

“Ndugu yangu, nilikosa. Nisamehe.”

Alimwachia kikombe cha chai. Jioni alikuta kikombe kitupu na mandolini imesogea mbele: uso umegundishwa, tundu la sauti limekatwa, vyuma vya shingoni vimepangwa sawasawa kama meno.

Akaanza kupata usingizi. Hata mashavu yakamrudia.

“Amenisamehe,” alimwambia mkewe wakila. “Mtu mwenye kinyongo hawezi kufanya kazi safi hivi.”

“Wapo wanaoweza,” mkewe alisema, akamwongezea chakula.

Siku ambayo zilibaki nyuzi na kulainisha kingo tu, mashine ya kupigia chapa iliharibika na wafanyakazi wakaruhusiwa saa sita mchana. Mpiga chapa alikwenda nyumbani mbio mbio. Labda angemwona. Labda, kama si kumwona, angemsikia akikohoa. Alivua viatu mlangoni, akapita ukumbini kwa ncha za vidole, na kutoka chumba cha nyuma akasikia patasi inakwaruza.

Akasukuma mlango.

Mkewe alikuwa juu ya stuli, mandolini ameibana kwa magoti, maranda yakimwangukia miguuni. Hakuwa akitazama patasi, kama mpishi asiyepima chumvi. Na mkato ule, ule ule wa kulalia kushoto, ulikuwa ukitokea chini ya kidole gumba chake.

Mpiga chapa aliingia hatua moja. “Alikufundisha lini?”

“Nani, shemeji?” Mkewe alipuliza vumbi la mbao. “Shemeji alikuwa akiziuza tu.”

Akainamia tena kazi yake.

“Na yale maneno ya siku ile,” alisema, “bado sijayasamehe.”