Vikombe vya Samahani

"Samahani, waheshimiwa..."

Fundi cherehani akajikatiza. Nyuma ya ukumbi wa kamati ya bunge, Mama Wakili alikuwa amekunja mikono ya gauni, anasugua hewani kikombe kisichokuwapo, uso mkavu kama hakimu.

Ndiyo adhabu ya nyumba ya hifadhi ya wanawake waliopigwa, walikofanyia mazoezi ya ushahidi huu: ukiomba samahani bila kosa, unaosha vikombe vya nyumba nzima. Fundi aliviosha mpaka vidole vikakunjamana, na Mama Wakili pembeni, "Mwanangu, apige yeye, radhi uombe wewe? Haya, sabuni ile pale."

Mwenyekiti akakohoa. "Swali ni jepesi, mama. Kama mumeo alikuwa anakupiga, mbona hukuondoka?"

Lile neno likamfika tena kwenye ncha ya ulimi. Fundi akatazama vidole vyake, leo vikavu. Akacheka kidogo.

"Niliondoka, mheshimiwa. Nilikimbilia polisi. Wakasema sheria haiwaruhusu kuingilia mambo ya mume na mke, wakanirudisha kwake kwa gari lao. Sheria hiyo ni yenu. Ibadilisheni."

Kule nyuma, Mama Wakili alikuwa anajifuta mikono isiyo na maji.